Subaru iliyozungukia Buhongwa

Gari ni Subaru Impreza WRX STI ya milango mitano, lile toleo la kuanzia 2007 ambalo wenyewe wanaliita GRB: injini ya lita 2.0 yenye turbo, farasi 308 kwa vipimo vya Kijapani, gia za mkono, matairi yote manne yanasukuma. Asubuhi ya Jumamosi moja ya Novemba, likitokea Sengerema kuja mjini kwenye mvua, lilizunguka katikati ya barabara kati ya Usagara na Buhongwa, likavuka upande wa magari yanayotoka Mwanza na kutumbukia kwenye mtaro wa udongo likiwa linatazama lilikotoka. Dereva na mwenzake walishuka wazima. Bampa la mbele, rimu moja na kioo cha pembeni ndivyo vilivyoharibika. Dakika ile hapakuwa na lori linaloshuka upande ule, na hiyo ndiyo sababu naandika habari ya tairi na si ya watu.

Kazi yangu ni alaimenti, yaani kunyoosha mkao wa matairi, na balansi, na mwenye gari, ambaye ndiye aliyekuwa anaendesha, aliniomba niliangalie kabla halijaanza kufunguliwa. Nilipofika gereji, Nyakato, hukumu ilikuwa imeshatoka. "Kaka, hizi ni tairi za kiangazi, mvua haziijui," fundi kijana aliniambia huku akigonga rimu kwa spana. Mwenye gari alikuwa ameshaikubali, tena kwa furaha kidogo, kwa sababu hukumu ya namna hiyo inamsafisha dereva na inalisafisha gari. Wa kulaumiwa ni mpira tu.

Mimi sikubaliani nayo, na nianzie hapohapo.

Hizo zinazoitwa tairi za kiangazi zimepewa jina hilo Ulaya na Japani ili zitofautishwe na tairi za theluji, basi. Kiangazi cha kule si ukame. Japani, Juni na Julai ni majuma ya mvua mfululizo, na aliyetengeneza tairi alijua kabisa kwamba litanyeshewa. Umoja wa Ulaya unalazimisha tairi jipya la gari dogo liuzwe na lebo yenye daraja la mshiko kwenye lami iliyolowa. Tangu Mei 2021 madaraja hayo ni A hadi E, na matairi mengi mazuri ya kiangazi ya magari ya kasi yamo kwenye A. Kinachoyashinda ni baridi. Joto likishuka chini ya nyuzi 7 hivi, mpira wake unakakamaa na kuacha kushika. Mwanza, hata alfajiri ya Julai ambapo watu wa Capri Point wanavaa sweta, kipimajoto hakifiki huko.

Kama mtu anatafuta tairi lisilofaa mvua ya Mwanza, nitamwonyesha jingine: lile la theluji linaloshuka na gari la mtumba kutoka Japani, limeandikwa STUDLESS ubavuni, na mwenye gari analifurahia kwa sababu kashata zake, vile vipande vya mpira vinavyokanyaga lami, ni nene na bado mpya. Mpira ule umefanywa laini kwa ajili ya barafu. Kwenye lami ya joto iliyolowa unayumba, na breki zinachelewa. Nimewashauri wengi wayatoe, wachache wamenisikia, maana tairi jipya machoni halitupwi.

Kwa hiyo aina ya tairi haikuwa tatizo. Tatizo lilikuwa hali ya matairi yale manne, na zaidi ya hapo, gari lenyewe lilivyomficha dereva hali hiyo mpaka mita za mwisho.

Kamera ya mbele

Gari lilikuwa na kamera ndogo kwenye kioo, inayorekodi picha na sauti na kuandika spidi ya setelaiti pembeni. Bila kamera hiyo tungebaki na maneno ya dereva, na maneno ya dereva aliyetoka mtaroni huwa yana kilomita pungufu.

Rekodi inaanzia ng'ambo. Wanapanda Daraja la Kigongo–Busisi, lile la kilomita 3 lililofunguliwa Juni 2025, mvua inanyesha kwa wastani, spidi inapita 100 na hakuna kinachotokea. Kwenye picha unaona lami imelowa inang'aa, lakini hakuna dimbwi hata moja. Mwenye gari alilirudia hili mara nyingi: "Pale juu nilipita na zaidi ya ile, mzee, na gari lilitulia." Ni kweli lilitulia. Tairi lake lilikuwa bado linaweza kushika lami iliyolowa. Lami iliyofunikwa na maji yaliyotuama ni mtihani mwingine kabisa, na tairi linaweza kufaulu wa kwanza kwa alama za juu likapata sifuri kwenye wa pili.

Usagara wanakata kushoto kufuata barabara inayotoka Shinyanga. Hapa mvua imekuwa nzito. Kabla hawajafika mbali, wanapita kwenye maji membamba upande wa kushoto, na kwenye sauti unasikia injini inapaza mlio ghafla na kutulia. Spidi haijaongezeka. Baada ya muda kidogo, tena: mlio unapanda, unashuka. Nilimwuliza kama aliona chochote kwenye dashibodi, akasema taa ya VDC, mfumo unaozuia gari lisiteleze, iliwaka na kuzima, akajua mfumo unafanya kazi yake.

Mfumo ulikuwa unafanya kazi yake kweli. Mlio ule ulikuwa wa tairi za mbele zimepanda juu ya maji na kuzunguka bila kushika kitu, kwa sehemu ndogo ya sekunde, mara mbili. Gari lilikuwa limeshasema.

Mara ya tatu ilikuwa kwenye bonde dogo kabla ya Buhongwa. Barabara pale imebonyea kwenye mstari wa matairi ya malori, upande wa kushoto, na mlima wa mawe ulio juu yake haunywi maji: mvua ikishanyesha usiku, kila kitu kinateremka barabarani pamoja na mchanga mwekundu. Spidi inasomeka 93. Kelele za maji yanayopiga chini ya bodi, ambazo zilikuwepo muda wote, zinakatika. Kimya hicho ndicho cha kuogopa, kwa maana tairi limeacha kuyapasua maji na limeanza kuyapanda. Pua ya gari inavutwa kushoto kidogo. Dereva anakata usukani kulia, gari haliitikii, anaongeza kukata, na papo hapo anaachia mafuta yote. Kisha maji yanaisha.

Tulikwenda kulipima dimbwi lile siku iliyofuata. Lilikuwa na urefu wa mita 15 hivi. Kwa kilomita 93 kwa saa, gari linakwenda karibu mita 26 kila sekunde, kwa hiyo sehemu yote ya maji ilichukua sekunde 0.6. Lilipotoka, tairi za mbele zilikuwa zimeelekea kulia, na zikashika lami ghafla kwa nguvu zote huku uzito wa gari umehamia mbele kwa sababu mafuta yameachiwa. Nyuma ikawa nyepesi, ikatupwa kushoto. Yaliyobaki ni mawe, anga, mawe, anga, na mtaro.

Pale bondeni kuna mama anayechoma mahindi chini ya mwamvuli. Nilimwamkia, nikamwuliza kama ameshaona gari likiteleza pale. "Marahaba. Mwanangu, hapo maji yakishakaa, ninyi wa magari madogo ya kelele mnazunguka," alisema. "Hiace hazizunguki."

Nilimcheka kidogo moyoni, halafu njiani nikakiri yuko sahihi. Hiace ya abiria ina tairi jembamba la milimita 195 hivi lenye upepo mwingi, na pale inapita pole kwa sababu imebeba watu na inatafuta abiria. STI hii ina tairi la 245/40R18, yaani upana wa milimita 245 na ubavu wa asilimia 40 ya upana huo.

Hesabu yake haihitaji chuo. Tuseme maji juu ya lami yana kina cha milimita 3 tu. Tairi pana milimita 245 likienda 93 kwa saa linatakiwa liyaondoe njiani kiasi cha lita 19 kila sekunde, karibu dumu zima la kuchotea maji kwa sekunde, na hilo ni tairi moja. Maji yana njia mbili: kupita ndani ya mifereji ya tairi au kusukumwa pembeni. Mifereji ikiwa mifupi na njia ya pembeni ikiwa ndefu, yanabaki mbele ya tairi, yanajenga shinikizo, na shinikizo hilo linapanda kwa mraba wa spidi. Likifika kiasi cha upepo uliomo kwenye tairi, tairi linanyanyuka.

Mkono ndani ya fenda

Ukisimama mbele ya gari lile ukatazama tairi za mbele, utasema ni nzima. Ukingo wa nje ulikuwa na milimita 4, katikati 3. Nilizungusha usukani mpaka mwisho, nikaingiza mkono nyuma ya tairi ndani ya fenda ya gari, nikapapasa ukingo wa ndani. Ulikuwa laini. Mfereji wa mwisho ulikuwa umebaki mstari tu, vile vipande vidogo vya mpira vinavyowekwa chini ya mfereji kuonyesha milimita 1.6 vimeshafikiwa na kupitwa, na kwenye kona kabisa vidole vilikuta nyuzi zimeanza kuchungulia kwa mpangilio, kipara cha upana wa vidole vitatu kuzunguka tairi zima. Pande zote mbili hivyohivyo.

Sababu haikuwa fumbo. Gari limeshushwa. Springi za mwanzo zilitolewa, zikawekwa fupi ili likae chini, na gari likishushwa bila alaimenti tairi za mbele zinalala kwa ndani. Nilipolipandisha kwenye mashine, kemba, yaani ule ulalo wa tairi, ilikuwa imepita nyuzi 2 na nusu kuelekea ndani, na tairi zimetanuka mbele. Maana yake ni kwamba likienda moja kwa moja barabarani, uzito mwingi unakaliwa na ule ukingo wa ndani, na ukingo huo ndio kipara. Zile milimita 4 za nje alizokuwa akizionyesha kwa watu zilikuwa hazifanyi kazi kubwa mpaka gari likate kona.

Tairi zenyewe za mbele zilikuwa za wiki ya 15 ya 2019, kwa zile tarakimu nne ubavuni, 1519, na pembeni ya neno TREADWEAR palikuwa na 200. Namba ndogo namna hiyo ni za mpira wa mashindano ulioruhusiwa barabarani: mshiko mkubwa pakavu, mifereji michache, kina kifupi hata siku linapotoka dukani. Alizinunua za mtumba. Aliyemuuzia alimwambia ni tairi za mbio, na hakumdanganya. Za nyuma zilikuwa za 2022, aina nyingine, milimita 5 sawasawa.

Kisha upepo. Tatu zilisoma kati ya PSI 32 na 33. Ya mbele kushoto ilisoma 24. Tulipoitia maji ya sabuni tukakuta msumari mdogo wa viatu kwenye mfereji wa katikati, unatoa povu polepole sana. Lile tairi lilikuwa linapungua kwa siku nyingi. Tairi la Noah likiwa na upepo pungufu unaliona limekaa. Tairi la 40 lina ubavu mfupi na mgumu, linasimama vizuri hata likiwa limepungua robo, na gari hili halina taa ya kuonya upepo.

Hapa kuna kanuni ya zamani inayosaidia. Mwaka 1963 Walter Horne na Robert Dreher wa NASA walichapisha utafiti wao wa matairi ya ndege kuelea kwenye maji, na ndani yake kuna hesabu rahisi: chukua kipeuo cha pili cha upepo kwa PSI, zidisha kwa 9, unapata spidi ya kuelea kwa noti, kipimo cha spidi cha ndege na meli. Kwa kilomita kwa saa, zidisha kwa 16.7 hivi. Ni hesabu ya maji yaliyozidi kina cha mifereji, na kwa tairi pana la gari dogo ni makadirio tu. Lakini iweke hapa: kwa PSI 33 unapata 96, kwa PSI 24 unapata 82. Gari lilikuwa linakwenda 93. Tairi moja lilishavuka mpaka wake, na ndilo lililokuwa kwenye maji.

Kwa nini hakujua

Hili ndilo ninalotaka wenye Subaru wenzake walisome taratibu. Kusukuma kwa matairi manne kunagawa nguvu ya injini. Hakuongezi breki, kwa sababu gari lolote lina breki nne. Hakuongezi mshiko wa kona, kwa sababu kona inashikwa na mpira. Kinachoondolewa ni zile dalili za mapema. Mark X inayosukumwa na tairi za nyuma, yenye tairi kama zile, ingetingisha mkia palepale Usagara wakati wa kutoka kwenye kona, dereva angetukana, angepunguza, na safari ingekuwa na hadithi fupi. STI iliondoka pale imenyooka, nguvu ikahamia kwenye tairi lenye mshiko, VDC ikabana kidogo, na dereva akahisi gari liko imara. Kadiri gari linavyokuwa zuri, ndivyo linavyochelewa kukuambia kwamba mshiko umebaki kidogo, na likija kukuambia, limebakiza sekunde 0.6.

Watu gerejini walimlaumu kwa alichofanya majini: amekata usukani, ameachia mafuta. Kitabu kinasema ushike usukani ulivyo, ukanyage klachi au upunguze mafuta pole, usiguse breki, usubiri tairi lirudi chini. Ni kweli. Lakini kumwomba binadamu asifanye chochote kwa zaidi ya nusu sekunde huku pua ya gari inaelekea mtaroni ni kumwomba jambo ambalo hata mimi sina hakika nalo. Kosa lake liko nyuma ya hapo, kwenye ile milio miwili ya injini.

Barabara nayo ina fungu lake. Maji hayakupaswa kutuama pale, na dimbwi lile litamngoja mwingine. Lakini magari yote ya asubuhi ile yalilipita, na likiwa linakwenda 70 STI hii nayo ingelipita, hata na ule msumari. Na je, ingekuwa na matairi manne mazima yenye upepo kamili kwa spidi ileile ya 93? Nadhani ingepita kwa kuyumba. Sitaapa.

Jambo moja lilinishangaza kidogo. Kanuni inayofundishwa ni tairi nzuri ziwekwe nyuma, ili tatizo likitokea gari lisukume pua moja kwa moja badala ya kutupa mkia. Huyu alikuwa nazo nyuma, bila kukusudia. Na kweli lilianza kwa kusukuma pua. Kilichotupa mkia ni usukani uliokatwa majini na kusubiri lami. Kwa hiyo kanuni ilifanya kazi kwa sekunde yake, ikaishia hapo.

Matairi hatukubishana: manne ya aina moja, ya kiangazi tena, yenye daraja A la mvua, upepo kama kibandiko cha mlango wa dereva kinavyosema, kupimwa kabla gari halijapata moto. Fundi kijana alipoona nimeandika tairi za kiangazi kwenye karatasi aliguna, akaenda kunywa chai.

Springi ndizo zilizotuchelewesha. Za mwanzo zilikuwa bado zipo kwa mama yake, Kitangiri, chini ya ngazi. Amezileta, mbele zimefungwa, kemba imerudi chini ya nyuzi 1. Nyuma anasema ibaki chini, gari lisije likaonekana la mzee. Nimemwambia mashine ya alaimenti siwashi mpaka zote nne ziwe zimerudi, na mpaka leo naandika haya gari liko uani kwangu, limeinua pua.